SEMEI KAKUNGULU: ASKARI ALIYESHIKA JEMBE MBALE NA JINJA

Historia ya Uganda ina majemadari wengi waliosifiwa kwa vita walivyopigana. Ni wachache miongoni mwao wanaokumbukwa pia kwa migomba waliyopanda, barabara walizokata na watu waliowafundisha kazi. Katika hao wachache, jina la hayati Semei Lwakirenzi Kakungulu halina budi kutajwa mapema. Mtu huyu alizaliwa yapata mwaka 1868, akafariki dunia tarehe 24 Novemba, 1928. Katika miaka hiyo sitini alikuwa mwindaji wa tembo, amiri wa vita, mtawala, mkulima na kiongozi wa dini. Mji wa Mbale ulianza kwa mkono wake, na Busoga iliwahi kuwa chini ya baraza ambalo yeye ndiye aliyekuwa rais wake.

Maisha haya yanaelezwa hapa kwa ajili ya ndugu zetu wa jeshi na polisi kwa sababu maalumu. Askari wa nchi hii wamewahi kupewa jukumu la kuwasaidia wananchi katika kilimo, na huenda wakapewa tena. Kakungulu aliikabili kazi ya namna hiyo zaidi ya miaka mia moja iliyopita, naye akaifanya kwa njia za askari. Yapo aliyofaulu na yapo aliyoshindwa, na yote yana mafunzo.

UJANA NA VITA

Kakungulu alilelewa Kooki, nchi ndogo iliyopakana na Buganda upande wa kusini-magharibi. Katika miaka ya 1880, wakati wa utawala wa Kabaka Mwanga, alikuja Buganda akaingia katika utumishi wa mfalme. Kazi iliyomjulisha ilikuwa kuwinda tembo. Kazi hiyo ilihitaji shabaha, subira na uwezo wa kuwaongoza watu porini kwa siku nyingi. Nayo ilikuwa na heshima kubwa, kwani pembe ndizo zilizonunua bunduki na nguo kutoka pwani.

Wakati huo dini mpya zilikuwa zimekwisha kuingia katika ikulu ya Kabaka. Kakungulu alijiunga na Waprotestanti, akabatizwa kwa jina la Semei. Mwaka 1888 Mwanga alipinduliwa, kisha Wakristo wakafukuzwa mjini na wengi wao wakakimbilia Ankole. Kakungulu alikuwa miongoni mwa makamanda waliopigana ili Mwanga arudishwe katika kiti chake, na katika vita hivyo vya dini sifa zake zilienea. Watu walimfuata kwa hiari, kwa sababu aligawa nyara kwa ukarimu na hakuwaacha watu wake nyuma.

Vita vilipotulia alipewa cheo cha Kimbugwe, mojawapo ya vyeo vya juu kabisa katika Buganda. Lakini fahali wawili hawakai zizi moja. Katikiro wa wakati huo alikuwa Apolo Kagwa, naye pia alikuwa Mprotestanti, hodari na mwenye tamaa ya uongozi. Ugomvi wao ulikua hata nafasi ya wote wawili ikakosekana. Mwaka 1895 Kakungulu aliacha cheo chake, akaenda Bugerere, nchi iliyo kando ya mto Naili, pamoja na wafuasi wake. Tangu hapo uso wake ulielekea mashariki.

Tukio lililomtangaza zaidi lilitokea tarehe 9 Aprili, 1899. Mwanga alikuwa amewaasi Waingereza, na Omukama Kabalega wa Bunyoro alikuwa amepigana nao kwa miaka mingi. Wafalme hao wawili walikuwa wamejificha katika nchi ya Walango. Majeshi ya serikali yaliyoongozwa na Kanali Evatt, pamoja na watu wa Kakungulu, yaliwazingira na kuwakamata. Kabalega alipigwa risasi mkononi. Wote wawili walipelekwa uhamishoni, na hatimaye wakafikishwa katika visiwa vya Shelisheli. Leo wananchi wengi humhesabu Kabalega kuwa shujaa aliyempinga mkoloni, na kwa sababu hiyo sehemu hii ya maisha ya Kakungulu husimuliwa kwa moyo mzito. Ni haki kuisema bila kuipamba.

NGOME NA MIGOMBA

Baada ya ushindi huo Kakungulu aliendelea kuingia katika nchi ambazo Waganda waliziita Bukedi, jina lililokuwa na dharau ndani yake. Humo waliishi Wagwere, Wanyole, Wateso, Wagisu na watu wengine, kila watu na desturi zao na viongozi wao, bila ya mfalme mmoja wa kuwatawala wote. Mwaka 1900 Sir Harry Johnston, mjumbe maalumu wa serikali ya Uingereza, alimpa idhini ya kuzitawala. Mwaka 1901 Kakungulu alifanya Budaka kuwa makao yake makuu. Aliamini kwamba Waingereza wamemwahidi ufalme wa nchi hizo, na wafuasi wake walimheshimu kama Kabaka.

Namna yake ya kushika nchi ilikuwa ya kijeshi kabisa. Alisonga mbele kwa hatua, na kila hatua alijenga ngome. Kila ngome iliwekwa chini ya mkuu mmoja mwenye bunduki na watu wake. Lakini tofauti na maamiri wengine, hakuishia kwenye handaki na boma. Kuzunguka kila ngome watu wake walifyeka pori, wakapanda migomba, wakachimba visima na kukata njia pana iliyonyooka kuelekea ngome ya pili. Alijua kwamba askari asiye na shamba atakula mali ya raia, na kwamba migomba ikikubali mahali, watu wake wataona kuwa hapo ni kwao.

Hata hivyo hatuwezi kuficha upande wa pili. Ngome hizo zilisimama juu ya ardhi ya watu wengine. Ng'ombe walitekwa, vijiji vilivyokataa vilipigwa, na njia nyingi zilikatwa kwa kazi ya kulazimishwa. Wazee wa Bukedi na Bugisu waliwasimulia wajukuu wao mambo hayo kwa miaka mingi. Mgomba uliopandwa kwa amri ulizaa ndizi kama mgomba mwingine, lakini aliyeupanda kwa kuogopa kiboko hakuwa na sababu ya kuutunza baada ya kiboko kuondoka.

Mwaka 1902 Waingereza waliona kwamba Kakungulu amekuwa na nguvu kupita walivyotaka. Walimwondoa Budaka, wakaishika wenyewe ngome hiyo, na yeye wakamwachia eneo la maili za mraba zipatazo 20 karibu na mlima Elgon, ambao Wagisu huuita Masaba.

MBALE YAZALIWA

Mtu mwingine angekata tamaa. Kakungulu aliwachukua wafuasi wake akatelemka nao katika uwanda ulio chini ya mlima, mahali ambapo Wagisu na watu wa uwandani walikuwa wameacha pori katikati yao. Hapo ndipo Mbale ilipoanza. Katika muda wa miaka michache pori hilo liligeuka kuwa mashamba ya migomba, nyumba zilizopangwa kwa mistari, barabara zenye miti kandokando na soko. Wafanyabiashara Waswahili, Waarabu na Wahindi walikuja kununua pembe na vyakula. Maofisa wa Kiingereza nao, baada ya kuona kwamba mji umewatangulia, wakahamishia hapo ofisi zao za utawala.

Hapa ndipo ilipoonekana sifa kubwa ya Kakungulu: alijua kuwafundisha watu kazi. Shule yake haikuwa na ubao wala chaki. Kijana aliletwa na baba yake akakaa katika boma la mkuu, akatumwa, akaangalia jinsi kesi zinavyosikilizwa, jinsi watu wanavyopangwa kwenye barabara, jinsi machipukizi ya migomba yanavyochaguliwa na kupandwa kwa nafasi. Akionekana mwaminifu alipewa kipande kidogo cha nchi akiangalie. Akikiweza alipewa kikubwa zaidi. Mafunzo ya namna hiyo yalikuwa ya miaka mingi, na yalitoa watu waliojua kazi kwa mikono yao kabla ya kuwaamuru wengine.

Waingereza waliipenda sana mali hiyo. Waliwachukua wanafunzi wa Kakungulu wakawafanya mawakala wa serikali katika Bukedi, Bugisu na Teso. Kila wakala aliwekwa pamoja na machifu wa mahali ili awafundishe kukusanya kodi, kuendesha baraza na kulimisha mazao. Hivyo Kakungulu aliondolewa, lakini kazi yake ikabaki mikononi mwa waliomwondoa. Watu aliowalea kwa ajili ya ufalme wake wakawa watumishi wa serikali nyingine.

RAIS WA BARAZA LA BUSOGA

Mwaka 1906 Waingereza walimwita tena. Walimpa urais wa Lukiiko ya Busoga, yaani baraza la machifu wa nchi hiyo, ambao kabla ya hapo kila mmoja alisimama peke yake. Jinja, mahali Naili inapotoka ziwani, ilikuwa makao ya serikali. Kakungulu alikaa katika kazi hiyo hadi mwaka 1913.

Alifika wakati wa msiba mkubwa. Ugonjwa wa malale ulikuwa umeenea kando ya ziwa tangu mwanzo wa karne, na inakadiriwa kwamba watu zaidi ya 200,000 walikufa katika nchi za ufukweni, Busoga ikiwa miongoni mwa zilizoumia zaidi. Serikali iliamuru ufuko uhamwe, kwa kuwa mbung'o wanaoeneza ugonjwa huo hukaa katika vichaka vya kando ya maji. Watu walihamishwa, mashamba yao yakarudi kuwa msitu, na vichaka vikaongezeka. Juu ya hayo, mwaka 1908 Busoga ilipatwa na njaa kali.

Wakati huohuo serikali ilitaka pamba. Mbegu zilikuwa zimeletwa mwaka 1903 na Kenneth Borup wa Kampuni ya Uganda, tani mbili na nusu za aina tano, nazo ziligawiwa kwa machifu ili wawape watu wao. Mavuno ya kwanza yaliyopelekwa nje, mwaka 1904, yalikuwa marobota 54. Mwanzo huo ulikuwa na kasoro ambayo kila mtu wa shamba ataitambua. Aina tano za mbegu zilipandwa karibu karibu, nyuki na wadudu wakachanganya chavua, na msimu uliofuata nyuzi zikatoka ndefu kwa fupi katika pamba moja. Viwanda vya Uingereza vilinung'unika. Mwaka 1908 gavana Hesketh Bell alitoa sheria ya pamba ili ibaki aina moja tu ya mbegu na nyingine ziteketezwe. Machifu waliokuwa wamewaamuru watu kupanda, sasa wakawaamuru kung'oa.

Katika mambo yote hayo Kakungulu alikuwa kiungo kati ya amri na mkulima. Barabara za Busoga zilitengenezwa, baraza likapata utaratibu, kodi ikakusanywa, pamba ikaenea. Mwaka 1912 reli ya Jinja hadi Namasagali ilifunguliwa, na pamba ikapata njia. Lakini machifu wa Kisoga hawakusahau kwamba rais wao ni mgeni na anazungumza nao kwa lugha ya Buganda. Alipoondoka mwaka 1913 hakupata kupendwa kama alivyopendwa na watu wake wa Mbale. Mwaka 1919 urais wa Busoga ulishikwa na Ezekieli Tenywa Wako, mwana wa nchi hiyo aliyekuwa amesomeshwa katika shule ya Budo. Fundisho lilikuwa limeonekana: elimu ya kuongoza watu inakaa vizuri zaidi kwa mtu aliyetoka miongoni mwao.

KASORO YA MAFUNZO YAKE

Ni vema tusimame hapa kidogo, maana ndipo penye kiini cha habari hii. Kakungulu na mawakala wake walifundisha mengi, lakini mafunzo yao yalikwenda upande mmoja tu, kutoka juu kwenda chini. Walijua migomba ya Buganda, ambako mvua hunyesha sehemu kubwa ya mwaka na vilima ni vya taratibu. Walipofika kwa Wateso walikuta watu wa wimbi na ng'ombe, waliojua kuhifadhi nafaka ghalani ili kuvuka kiangazi kirefu. Walipofika kwa Wagisu walikuta watu waliokuwa wakilima ndizi zao wenyewe katika miteremko mikali ya Elgon, waliojua bonde lipi hushika maji na mtelemko upi huporomoka. Ujuzi huo wote ulikuwa shule kubwa. Wakala hakutumwa kujifunza katika shule hiyo. Alitumwa kuhesabu nyumba za kodi na mistari ya pamba.

Kwa hiyo amri ilifaulu pale tu ilipolingana na udongo na faida ya mkulima. Migomba ya uwanda wa Mbale ilikubali. Barabara ilibaki kwa sababu kila mtu aliipita. Pamba ilidumu kwa muda mrefu kwa sababu ilileta fedha. Pale amri ilipopingana na ardhi au na tumbo la mkulima, ilifuatwa mchana na kuachwa usiku.

SIKU ZA MWISHO

Kakungulu alirudi Mbale akiwa na uchungu. Aliona kwamba ametumiwa na kwamba ahadi alizoziamini hazikutimizwa. Alijiunga na madhehebu ya Malaki, yaliyoanza Buganda mwaka 1914 na kukataa dawa za hospitali na chanjo, ya watu na ya mifugo pia. Serikali iliona jambo hilo kuwa uasi. Nasi tunaosoma leo tunajua jinsi chanjo inavyookoa watoto na ng'ombe. Lakini inafaa pia kuelewa chanzo cha ukaidi huo. Mtu aliyekwisha kudanganywa katika jambo la ardhi hamwamini mdanganyifu wake anapomletea sindano. Elimu iliyo njema ikiletwa na mkono usioaminika hukataliwa pamoja na mkono wenyewe.

Aliendelea kuisoma Biblia kwa bidii, na hasa vitabu vya Musa. Mwaka 1919 alitahiriwa pamoja na wanawe, akaanzisha jumuiya iliyofuata dini ya Kiyahudi, ambayo hujulikana kwa jina la Abayudaya. Mwaka 1922 alitoa kitabu kwa Kiganda cha kuiongoza jumuiya hiyo. Aliwatenga watu wake, akawafundisha kusoma, kulima na kushika sheria zao. Safari hii hakuwa na bunduki wala bendera. Alikuwa mwalimu tu.

Mwaka 1923 Kabalega aliruhusiwa kurudi kutoka uhamishoni. Mzee huyo alifika Jinja akiwa dhaifu, akafariki hapo, Mpumudde, tarehe 6 Aprili, kabla ya kuiona tena Bunyoro. Hivyo mfalme aliyekamatwa na watu wa Kakungulu alikufa katika mji ambao Kakungulu mwenyewe aliwahi kuutumikia, na wote wawili walikuwa wamenyang'anywa nchi na serikali ileile. Miaka mitano baadaye Kakungulu naye akafariki, akazikwa karibu na Mbale.

ELIMU ILIYOFUATA

Baada ya vita vikuu vya kwanza serikali yenyewe ilikiri kwa vitendo kwamba amri haitoshi. Mwaka 1920 kituo cha majaribio ya kilimo kilifunguliwa Serere, katika Teso, na mafunzo ya kilimo yakaanza Bukalasa. Makerere ilifunguliwa mwaka 1922, na baada ya muda kilimo na utibabu wa mifugo vikawa miongoni mwa masomo yake. Mabwana shamba wakachukua nafasi ya mawakala wenye viboko. Katika mlima Elgon kahawa ilistawi, na mwaka 1954 wakulima wa Bugisu walikuwa na chama kikuu chao cha ushirika.

Katika miaka ya karibuni elimu hiyo imepanda daraja. Chuo Kikuu cha Mashahidi wa Uganda, kilichoanzishwa Nkozi mwaka 1993 na chenye tawi Mbale, kimewasomesha watu hadi shahada ya uzamili na ya uzamivu katika kilimo ikolojia. Chuo Kikuu cha Busitema, kilichoanzishwa mwaka 2007 huko mashariki, kinafundisha kilimo na ufugaji. Kilimo ikolojia maana yake ni kulitazama shamba pamoja na udongo wake, maji, miti, wadudu, mifugo, soko na watu wake kama kitu kimoja. Mwanafunzi wa daraja hilo hatakiwi kukaa maktaba tu. Anatakiwa kukaa na wakulima msimu baada ya msimu, kupima mbolea ya zizi na mboji katika mashamba yao, kuuliza ni mti upi unaoshika udongo na upi unaonyonya maji, kisha kurudisha matokeo kwa watu walewale aliowauliza. Hicho ndicho kipande kilichokosekana katika shule ya Kakungulu.

Haja ya watu wa namna hiyo si ya kubahatisha. Tarehe 1 Machi, 2010 mlima uliporomoka huko Nametsi, katika wilaya ya Bududa, ukafukia kijiji na kuua mamia ya watu. Mwisho wa Julai, 2022 mito ya Mbale ilifurika usiku, nyumba zikabomoka na watu wakafa maji. Mara zote mbili askari ndio walioitwa kuwatafuta waliofukiwa na kusombwa, na huko Nametsi wengi walichimba kwa majembe ya mkono. Anayewafukua watu katika matope anaelewa vizuri kuliko mtu yeyote thamani ya mti uliosimama juu ya mtelemko. Ardhi ya Elgon ina rutuba, watu ni wengi, mashamba yamepanda hadi mahali palipokuwa msitu, na mvua ikikuta udongo usio na mizizi wala makinga maji, hakuna cha kuuzuia. Mahali ambapo kahawa hupandwa chini ya kivuli cha migomba na miti, majani hufunika udongo na maji hupenya badala ya kukimbia. Huo si ujuzi mgeni. Wazee wa Bugisu walikuwa nao, na wasomi wameupima na kuuongeza.

WAJIBU WA ASKARI

Mwaka 2013 serikali ilianzisha operesheni ya kuwatajirisha wananchi kwa kilimo, na maafisa wa jeshi wakapelekwa sehemu mbalimbali za nchi kusimamia ugawaji wa miche na mbegu. Jeshi lina malori, nidhamu na watu wa kufika kila kona. Katika usafirishaji hakuna wa kushindana nalo. Lakini mche ni kiumbe. Ukifika wakati wa kiangazi utakauka hata kama umeletwa kwa saluti. Ukipandwa katika udongo usioupenda utadumaa. Afisa anayegawa miche bila ya kuwa na mtaalamu ubavuni mwake, na bila ya kumsikiliza mkulima, anarudia kosa la wagawaji wa mbegu za pamba za mwaka 1903, waliokuwa hodari wa kugawa mbegu tano kwa mpigo.

Kwa hiyo askari aliyeko Jinja, awe katika kambi ya Gaddafi au katika chuo cha Kimaka, na askari aliyeko Bugema huko Mbale, wana jambo la kufanya. Wanaokaribia kustaafu na kurudi vijijini wajue kwamba vyuo vya kilimo vimo katika mkoa wao wenyewe. Wenye watoto wenye akili wasidhani kwamba shahada ni ya sheria na udaktari tu. Mtoto anayesomea udongo wa Elgon hadi shahada ya juu anailinda nchi kama anavyoilinda mwenye bunduki. Polisi wa kata, anayejua kila kijiji na kila ugomvi wa mipaka, anaweza kuwa wa kwanza kumpokea mwanafunzi mtafiti na kumtambulisha kwa wazee.

Jumuiya ya Abayudaya aliyoiacha Kakungulu bado ipo katika vilima vya karibu na Mbale. Mwaka 2004 baadhi ya watu wake waliungana na jirani zao Waislamu na Wakristo wakaanzisha ushirika wa kahawa. Walikaa pamoja, wakafundishana, wakapanga wenyewe namna ya kulima na kuuza. Hakuna amiri aliyewaamuru. Ngome za Kakungulu zimebomoka, cheo alichokitamani hakikuwapo tena baada yake, na barabara zake zimelimwa upya na wengine. Kilichobaki hai ni kile alichokifundisha alipokuwa hana bunduki. Askari na polisi wetu wanapotumwa kwa mkulima, wamkumbuke Kakungulu kwa mambo mawili: bidii yake waifuate, na amri yake waitangulizie masikio.